Jina Lililovuka Kinu

Kambi ile ya mgodi wa dhahabu, upande wa Geita, ilikuwa na kinu. Nikisema kinu usifikirie kile cha mama yako cha kutwangia kisamvu. Hiki kilikuwa jumba la mabati juu ya kilima, na ndani yake michi ya chuma minene kama nguzo za nyumba, ikipanda na kushuka juu ya mawe yenye dhahabu, mchana na usiku, Krismasi na Idi. Nyumba za wafanyakazi zilijengwa chini yake, safu kwa safu, na aliyechagua mahali hapo bila shaka yeye mwenyewe alilala mbali. Vikombe vilitembea mezani bila kusukumwa. Kuku walitaga kwa wasiwasi. Watu walizungumza kwa kupiga kelele, mwaka nenda mwaka rudi, mpaka wakasahau kwamba ni kelele. Mume akimbembeleza mkewe, mgeni angedhani wanaachana.

Katika kelele hizo aliishi Nzala, mke wa Maganga, yule aliyepaka grisi michi ya kinu. Naandika habari zake kwa sababu hakuna mwingine atakayeziandika. Hakuwa ndugu wa mtemi, hakujenga shule, hakugombea chochote. Alilima karanga, alipika togwa, alikuwa na pengo la jino la mbele ambalo alilitumia kupigia mluzi mbuzi wake. Na alitoa majina ya watoto wa kike.

Shida ilikuwa hii. Wazazi walikuja kambini kutoka kila pembe, na kila mmoja alikuja na majina ya kwao. Katekista Ignas naye alikuwa na yake, ya watakatifu, marefu kama misa ya Pasaka: Euphrasia, Generosa, Perpetua. Kanisani yalipendeza sana. Lakini hebu mwache Euphrasia wa miaka mitatu karibu na reli ya vigari vya mawe, kisha mwite kutoka mlangoni. Mwanzo wa jina ulimezwa na mchi wa kwanza, katikati pakamezwa na wa pili, na kilichomfikia mtoto kilikuwa kijimkia cha “sia”, ambacho hakikumhusu. Mtoto anaendelea kuchezea reli, kigari kinakuja, mama anakimbia kanga mkononi. Mwaka mmoja binti wa fundi mmoja alipoteza vidole vya mguu namna hiyo, huku mama yake akimwita jina zuri kabisa la mtakatifu.

Basi Nzala akaanza kusema kwamba mtoto wa kike, kabla hajapewa jina la kumpeleka mbinguni, apewe la kumtoa relini. Wavulana walirithi majina ya babu zao na hakuna aliyethubutu kuyagusa. Wasichana waliachiwa wanawake, na wanawake wakamwachia Nzala.

Alikuwa na mtihani wake. Alisimama pale bombani, chini kabisa ya kinu, mahali ambapo hata radi ingelazimika kurudia. Mama mzazi akasimama safu ya mwisho, kwenye ua wa minyaa. Nzala akaita jina mara moja tu, bila kurudia. Mama akinyoosha mkono, jina limepita. Asiponyoosha, linatupwa, hata kama lilikuwa la shangazi yake mtawa.

Majina yaliyopita yalikuwa mafupi kama kikohozi, na kila moja lilikuja na mzigo wake. Tatu lilikuwa la mtoto wa tatu, na kwa hilo hakuna aliyehitaji kufikiri. Siti lilisafiri kutoka kwa Waarabu, maana yake bibi mwenye heshima zake, ingawa Siti wa kambini alikuwa na makamasi saa zote. Tunu ni kitu adimu. Lilipewa mtoto aliyepatikana baada ya mama kuhangaika miaka mingi. Usiku mmoja mvua kubwa ilizalisha wanawake wawili kwa mpigo, Msukuma na Mjaluo. Msukuma akamwita wake Kabula, kwa sababu kwao mvua ni mbula. Mjaluo akamwita wake Akoth, kwa sababu mtoto wa kike aliyekuja na mvua kwao huitwa hivyo. Mvua ileile moja, majina mawili, na mabinti hao walipigana kila siku bombani wakigombea maji. Seremala wa Kihaya yeye alileta Kokushubira. Nzala akalisikiliza, akalikata, akabakiza Koku.

“Umenikatia mtoto!” seremala akalalamika.

“Shemeji, wewe si seremala? Ukiona mbao ndefu kuliko mlango unafanyaje?”

Sasa, jina ambalo lingeshinda mtihani ule kuliko yote lilikuwa la Nzala mwenyewe. Silabi mbili, na ile “z” yake ilipenya kama msumari. Maganga akimwita kutoka kilimani, mbwa wa safu ya mwisho waligeuka. Lakini nzala kwa Kisukuma ni njaa. Mama yake alimzaa katika njaa iliyofuata vita ya Mjerumani, na Wasukuma wakizaa kwenye mvua wanasema mvua, wakizaa kwenye nzige wanasema nzige, hawakuzungushi. Kwa hiyo yeye akawa Njaa, akakua akiwa Njaa, akaolewa akiwa Njaa. Saa za kula majirani walimwita “mke wa Maganga” ili wasilitaje karibu na chungu.

Na hakuzaa. Katika kambi ambayo kila mwanamke alikuwa Mama Fulani, yeye alibaki na jina tupu. Wakubwa kwa wadogo walimwita vilevile. Kwa hiyo alikuwa na hamu moja, na hakuificha: apate somo, mtoto wa kike mmoja tu duniani abebe jina lake. Wanaozaa wanarithiwa na wajukuu. Yeye alijua kwamba siku akiondoka, jina lake litaondoka naye, na watu watashukuru kwa kupungukiwa na njaa moja.

Alimjaribu jirani yake Mwanaima, mtu wa Ujiji, muuza vitumbua.

“Mwanaima, huyo uliyembeba akiwa binti, mpe langu.”

“Nimwite Njaa? Mie nauza vitumbua, Nzala! Nikimwita mwanangu si nitawatawanya wateja?”

“Si ndiyo watanunua?”

“Watanunua kwa mwingine. Toka hapa.”

Walicheka wote wawili, lakini Nzala alikuwa wa kwanza kuacha.

Ilikuwa mwaka wa hamsini na mbili Generosa alipojifungua. Huyu alikuwa msichana mpole wa Kizinza, mimba yake ya kwanza, ameolewa na Bujiku, mchimbaji kutoka Shinyanga, kijiji cha nyuma ya Mwadui. Mtoto alizaliwa saa sita za mchana, jua katikati ya kichwa. Nzala alikuwepo, ndiye aliyempokea. Akatoka hadi bombani, akaita, “Limi!” yaani jua, na Bujiku, aliyesimama safu ya mwisho kwa niaba ya mkewe, akanyoosha mikono yote miwili kwa furaha. Mtoto akanyonya jioni yote kama mtu anayelipwa kwa kazi hiyo.

Kesho yake asubuhi kinu kikasimama.

Michi ilikuwa imelika, ilikuwa lazima ibadilishwe. Wengi hawakuwahi kuona jambo hilo tangu wahamie. Kwanza kulikuwa na kimya ambacho kiliwaumiza masikio. Halafu watu wakaendelea kuongea kama walivyozoea, yaani kwa kufoka, na hapo ndipo kambi ilipojijua. Mwanamke wa safu ya pili alimwambia mumewe jambo la chumbani, na safu ya tano wakaitikia. Mlinzi alimnong'oneza rafiki yake kwamba kapteni wa zamu ni mwizi wa sukari, kapteni alikuwa ng'ambo ya uwanja, akasema, “Nimesikia!” Kila mtu aliona wengine wanapiga kelele. Hakuna aliyejiona yeye.

Maganga ndiye aliyefurahi kuliko wote. Miaka yote alikuwa akimwita mkewe kwa kushindana na chuma, na sasa alikuwa na kilima kizima peke yake. Akaanza kumwita kwa kila kitu. “Nzalaaa! Maji!” “Nzalaaa! Tumbaku!” Na mara moja: “Nzalaaa!”

“Unasemaje?”

“Sina neno! Nasikiliza tu!”

Asubuhi hiyohiyo lori lilimshusha Mama Bujiku, mama mkwe wa Generosa, aliyetoka Shinyanga kuja kumpokea mjukuu. Alikuwa mwanamke mwembamba, mrefu, mwenye fimbo na sauti ndogo ya mtu aliyezoea kusikilizwa. “Mwangaluka,” akasalimu kwa Kisukuma, na kambi nzima ikamjibu kwa kishindo hata akarudi nyuma hatua.

Alimkuta mtoto analia. Tangu alfajiri alikuwa hashiki ziwa. Akilishika, ananyonya mara mbili tatu, anashtuka, anaachia, analia. Generosa alikuwa amelowa kifuani, maziwa yanamwagika bure.

Habari ikaenea, na kambi yenye moyo mzuri ikaja kusaidia. Walijaa chumbani, walijaa mlangoni.

“ANANYONYA?”

“HANYONYI!”

“MGEUZE UPANDE WA PILI!”

“MWACHENI APUMUE JAMANI!”

Mtoto akitulia kidogo, akishika, wote walishangilia: “HUYOOO! AMESHIKA!” Na mtoto akaachia. Dresa wa zahanati akaja, akamtazama kinywa, akamshika paji la uso. Hana homa, akasema, kinywa kizima, kifua safi. Akaondoka akiwa amechanganyikiwa kuliko alivyokuja.

Mama Bujiku alikaa kwenye kigoda, akingoja watu wamalize. Kisha akauliza kwa sauti yake ndogo, “Mtoto huyu anaitwa nani?”

“Limi, mayu,” akajibu Generosa, akimwita mama kwa Kisukuma.

“Nani alimpa?”

Watu wakatazama mlangoni, ambako Nzala alikuwa amesimama na bakuli la togwa la mzazi.

“Shikamoo, mayu,” Nzala akasema.

“Marahaba. Wewe ni nani katika ukoo wetu?”

“Mimi si wa ukoo, mayu. Mimi jirani.”

“Unaitwaje?”

Mwanaima anasema kwamba hapo alitamani kukohoa, kuanguka, kufanya lolote. Lakini Nzala hakuwa mtu wa kuficha jina lake.

“Naitwa Nzala.”

Mama Bujiku akamtazama mjukuu wake, kisha bakuli, kisha mwanamke aliyelishika.

“Jirani,” akasema, “mtoto huyu analilia jina. Kuna mtu wa kwetu anataka kurudi, na nyinyi mmemzibia mlango kwa jina la bombani. Na aliyelitoa ni nani? Njaa. Unaona mwenyewe. Nenda nyumbani, mama. Sikutukani. Lakini usikanyage hapa mpaka mtoto anyonye.”

Kwa Wasukuma hilo si jambo la kutunga. Mtoto akikataa ziwa bila ugonjwa, wazee watasema analilia jina la mmoja wa waliotangulia, na wataanza kuyataja moja moja. Litakalomfanya anyonye, ndilo lake, na hakuna wa kulipinga. Mama Bujiku aliwafukuza wengine wote wasimame nje, akamweka mtoto mapajani, akaanza.

Akamtaja Milembe, mama yake mzazi, ambaye jina lake ni amani. Mtoto akalia. Akamtaja Minza, shangazi yake Bujiku, aliyefuga ng'ombe wengi kuliko kaka zake. Mtoto akalia. Akamtaja Ngolo, akamtaja Wande, kila mmoja na sifa zake, akimbembeleza kama anayemwita mtu aliye mlango wa pili. Na kila alipotaja jina, wale wa nje walisubiri kidogo tu, kisha wakauliza kwa pamoja, kwa unyenyekevu wote waliokuwa nao:

“AMEKUBALI?”

Nzala alisikia yote hayo akiwa uani kwake, akibangua karanga. Hakuna ambaye hangeyasikia. Jioni ikaja, usiku ukapita, asubuhi ikarudi, na mtoto alikuwa bado analia, sasa kwa sauti nyembamba iliyokatikakatika. Walimdondoshea maji ya sukari kwa kidole. Bujiku alikuwa amekaa chini nje ya mlango, kichwa katikati ya magoti.

“Nimetoa majina mengi kambini hapa,” Nzala alimwambia Mwanaima. “Hakuna lililowahi kumdhuru mtu.”

“Na hili halijamdhuru.”

“Kama halijamdhuru, mbona nimekaa hapa?” Akatupa ganda. “Nilitaka mtu mmoja abebe jina langu. Sasa hata mabega yangu mwenyewe yamechoka kulibeba.”

Mwanaima akachukua karanga akaanza kubangua.

Na hapo kutoka kilimani: “Nzalaaa! Kitambaa changu kiko wapi?”

Mtoto kule ndani akashtuka akalia upya, na Mama Bujiku akaja mlangoni. Kwa mara ya kwanza uso wake ulikuwa na hasira ya wazi. “Nani huyo,” akauliza, “anayeita njaa juu ya kichwa cha mjukuu wangu?”

Nzala alipanda kilima mbio. Alimkuta Maganga amekaa juu ya pipa, grisi hadi kwenye nyusi, amani tele.

“Baba, nakuomba. Usiniite tena.”

“Nisikuite? Mke wangu?”

“Niite nyamaza, niite wewe, nipigie mluzi kama mbuzi. Jina langu usilitaje mpaka mtoto yule anyonye.”

Maganga alitazama chini kambini, akaelewa. “Sawa,” akasema. “Sitalitaja.”

Na alijitahidi, masikini. Asubuhi nzima alipohitaji kitu alisimama ukingoni akapunga kofia. Lakini mchana vyuma vikawa tayari, fundi mkuu akainua mkono, na Maganga akakumbuka kwamba kopo lake dogo la grisi, lile la kupakia shingo za michi, alilipeleka nyumbani kuliziba tundu, na liko nyuma ya mlango. Kinu kikianza bila grisi shingoni, michi mipya itaungua. Mtu akibanwa namna hiyo kinywa kinajiendea chenyewe.

“NZALAAAA!” Maganga akaita, kwa nguvu ambazo hakuwahi kuzitumia. “KOPOOO!”

Nzala alidondosha ungo. Karanga zikatawanyika uani, mbuzi akazifuata, na yeye akajifunika uso kwa kanga. “Amenimaliza,” akasema. “Mwanaima, huyu mwanamume amenimaliza.”

Fundi mkuu hakungoja kopo. Alikuwa na kopo jingine, kama mafundi wakuu wote. Mchi wa kwanza ukaanguka, ardhi ikatikisika, wa pili ukafuata, na kelele ile ya zamani ikarudi na kuwafunika wote kama blanketi.

Ilipita muda. Kisha Nzala akainua kanga na kumwona Mama Bujiku anakuja kwake, ameshika fimbo, anatembea upesi kuliko umri wake. Watu wote walikuwa nyuma yake. Nzala akasimama. Hakukimbia, alisema baadaye kwamba aliona ni haki yake kupigwa, ila aliomba isiwe kichwani.

Mama Bujiku akasimama mbele yake, midomo ikasogea. Hakuna kilichosikika.

“Unasemaje, mayu?” Nzala akafoka.

Midomo ikasogea tena. Fimbo ikaonyesha nyumba ya Generosa.

“Sisikii, mayu!”

Na hapo yule mwanamke wa sauti ndogo, ambaye inasemekana hakuwahi kumkemea hata ng'ombe, akavuta pumzi akapiga kelele kama mwenyeji wa kambi:

“ANANYONYAAA!”

Nzala alikaa chini palepale juu ya karanga.

“Nimewataja wafu wote!” Mama Bujiku akaendelea kufoka, na alionekana kuanza kuupenda ufokaji. “Wote, hadi wale tuliogombana nao! Hakumtaka hata mmoja! Mume wako amekutaja wewe, akashika ziwa, na hajaachia mpaka sasa! Inuka, njoo umpokee somo yako!”

“Lakini mayu, kwenu si mnachukua majina ya waliokufa?”

“Ndiyo!”

“Basi mnataka mningoje nife?”

“Mtoto hawezi kungoja! Inuka!”

Ndivyo bibi yangu mzaa mama alivyoitwa Nzala. Katekista Ignas alimbatiza Euphrasia, na jina hilo limekaa kwenye cheti cha ubatizo kwa utulivu mkubwa, bila kusumbuliwa na mtu. Mama Bujiku alivua ushanga mmoja mweupe shingoni mwake, akampa Nzala, kwa sababu ni lazima mwenye jina amfunge somo yake kwa mkono wake mwenyewe. Generosa alikuwa anacheka na kulia, mtoto kifuani, shavu linapanda na kushuka sawasawa na michi ya kilimani. Nzala alishindwa kufunga fundo mara ya kwanza. Bujiku alimshikia kamba.

Mwanaima, hata hivyo, alikuwa na macho. Alingoja siku chache, mpaka Mama Bujiku alipopanda lori kurudi Shinyanga akiwapungia watu na kufoka kwaheri, ndipo akamwambia Nzala pale bombani:

“Unajua kwamba si jina.”

“Si jina nini?”

“Yule mtoto hakulilia jina. Alikuwa hanyonyi kwa sababu kila akishika ziwa kambi nzima inampigia kelele anyonye. Sisi hatujui kunong'ona, Nzala. Kinu kilipoanza, sauti zetu zikafunikwa, mtoto akapata amani ya mngurumo aliouzoea tumboni kwa mama yake, akala. Yule wangu wa kiume naye alilia siku hizohizo, nami nilidhani ni meno.”

Nzala alijaza ndoo yake mpaka juu. Mwanaima anasema alidhani amemuumiza, akaanza kujuta.

“Niliwaza hivyo,” Nzala akasema mwishowe. “Usiku uleule niliwaza.”

“Na hukusema?”

“Nimwambie nani? Mtoto ananyonya. Bibi yake amekwenda nyumbani ameridhika. Na kinu, kama ndicho kilichonipa somo, basi kimenifikiria kuliko wewe na vitumbua vyako.” Akajitwika ndoo. “Kwanza hata kama ni kinu, jina langu ndilo lililotangulia kidogo. Uliza Maganga.”

Mwanaima alipojifungua mwaka uliofuata, akapata binti, alisimama safu ya mwisho kama wote, na Nzala akaita bombani “Zena!” na lilipita vizuri sana. Mwanaima hakunyoosha mkono.

“Hujasikia?” Nzala akamwendea.

“Nimesikia. Jaribu lile lingine.”

“Lipi?”

“Lako, mwanamke! Au unataka nikubembeleze mbele ya watu?”

Wateja wa vitumbua hawakupungua hata kidogo. Watu walikuwa wameshamwona mtoto wa Generosa, alivyonenepa, mapaja yamekatika mikunjo, na wakaanza kuamini kwamba Njaa akishakuwa wa kwenu, njaa nyingine haina nafasi ya kuingia. Mwanamke mmoja aliyepoteza watoto wawili alitembea kutoka upande wa Bugarama akiwa na mimba kubwa, kuja kuomba ruhusa ya jina hilo. Nzala alimpa, na karanga za njiani juu yake.

Bibi yangu hadi leo hawezi kula mahali penye kimya. Mwekee ugali na samaki, mzimie redio, atautazama ugali kana kwamba umemtukana. Washa redio, hata iwe inasoma matangazo ya vifo, anaanza kumega. Na anafoka. Akikupigia simu huhitaji simu. Wajukuu tuliowahi kujaribu kumwambia apunguze sauti tulijibiwa kwa sauti.

Kitu cha kwanza anachokumbuka maishani ni reli. Alikuwa mdogo, amechuchumaa katikati ya vyuma viwili, anapanga changarawe ziwe ng'ombe. Vyuma vilikuwa vinatetemeka, lakini kila kitu pale kilitetemeka siku zote, hakujali. Kigari kilikuwa kimeshatoka kwenye kona. Mama yake alikuwa mbali, mgongo umegeuka.

Bombani Nzala aliachia ndoo. Alikuwa ameita majina ya mabinti wa watu wengi mahali pale, na aliita hili kama alivyoita mengine yote, mara moja tu.

“Nzala!”

Mtoto akainua kichwa. Akawaacha ng'ombe wake, akaruka reli, akakimbilia sauti ilikotoka, na kigari kikapita nyuma yake kikiwa kimejaa mawe ya kwenda kinuni.

“Abee, somo!”